Usuli wa Naruto: Minato namkubali, Asura namkataa

Mleta mada

Wadau wa manga (katuni za Kijapani), salaam. Uzi huu ni mrefu na unafichua mambo hadi sura ya mwisho, hivyo ambaye bado yuko njiani auweke kando kwanza, amalize kusoma, kisha aje tujadiliane.

Nimeisoma Naruto, kazi ya Masashi Kishimoto, yote, kuanzia sura ya kwanza iliyotoka katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1999 hadi sura ya 700 iliyotoka Novemba 2014. Ninaipenda, na kwa sababu ninaipenda ninaona nina haki ya kuidai. Wengi wanaolalamikia asili ya mhusika mkuu, Naruto, humshambulia baba yake, Minato: wanasema yule mtoto aliyeshika mkia darasani, asiye na mtu wa kumuuliza amekula nini, ghafla amekuwa mwana wa Hokage wa Nne, yaani mkuu wa kijiji, na hadithi ya mnyonge ikafia hapo. Mimi sina ugomvi na Minato. Ninachokikataa ni kile Naruto alichoambiwa na Mzee wa Njia Sita, babu wa kale wa ulimwengu wa shinobi (ninja), katikati ya Vita Kuu ya Nne ya Shinobi, karibu na sura ya 670, kwamba yeye ni Asura aliyezaliwa upya, kwamba Sasuke, rafiki na hasimu wake, ni Indra aliyezaliwa upya, na kwamba uhasama wao ni uhasama wa ndugu wawili wa kale, wana wa mzee huyo, unaorudi kizazi hadi kizazi.

Ili nieleweke, turudi kwanza kwenye mtihani wa Chunin (wa kupanda cheo cha shinobi), pambano la Naruto na Neji Hyuga. Neji amezaliwa katika tawi la chini la ukoo wake na amechorwa kwenye paji la uso alama inayomfanya mtumwa wa tawi la juu. Baba yake, Hizashi, alikufa badala ya kaka yake pacha, Hiashi, na tofauti pekee kati ya wawili hao ilikuwa nani alitangulia kutoka tumboni. Kutokana na hilo Neji amejijengea imani kwamba mtu hawezi kubadilika, aliyezaliwa mshindwa atakufa mshindwa, na hatima huandikwa siku mtu anapozaliwa. Naruto anamshinda kwa kuchimba chini ya ardhi, kumwachia nakala yake (kivuli) iliyolala shimoni, na kuibuka na ngumi ya kidevu. Akiwa amesimama mbele ya Neji aliyelala chali anamweleza kwamba alifeli mtihani wa kuhitimu mara tatu, kwa sababu kila mara ulitaka mbinu ya kujigawa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimshinda kuliko zote. Ameshinda kwa mbinu ileile iliyomfelisha. Kwangu hakuna ukurasa katika manga hii nzima unaobeba ahadi kubwa kuliko huo, kwa sababu pale mwandishi alitamka waziwazi hadithi yake inamaanisha nini.

Sasa tazameni jinsi habari za wazazi zilivyoingia bila kuivunja ahadi hiyo. Katika sura ya 440, Naruto anapokutana na Minato ndani ya nafsi yake, hapigi magoti kwa furaha ya kugundua kwamba yeye ni mtoto wa mkubwa. Anampiga ngumi ya tumbo. Analia, anauliza ni baba gani anayemfungia mwanawe Mbweha wa Mikia Tisa na kumwachia chuki ya kijiji kizima. Nasaba hiyo haikumpa kitu. Ilikuwa deni ambalo yeye ndiye aliyelilipa tangu utotoni. Halafu kuna Kushina, mama yake, ambaye maneno yake ya mwisho kwa mtoto mchanga ni kwamba ale vizuri, aoge kila siku, asikeshe, atafute marafiki hata wachache ilimradi wa kuaminika. Mama anakufa na anachokumbuka kumuusia mwanawe ni kuoga. Sijui kama kuna urithi ulio wa kibinadamu kuliko huo.

Na lipo jambo ambalo nadhani halisifiwi vya kutosha, nalo ni chimbuko la jina lake. Jiraiya, mwalimu wa Minato na baadaye wa Naruto, aliandika riwaya yake ya kwanza kuhusu shinobi asiyekata tamaa, riwaya ambayo haikumpa umaarufu wowote. Minato akaisoma, akaipenda, akaomba jina la mhusika mkuu ampe mwanawe. Kwa hiyo kabla hajazaliwa, Naruto alikuwa mrithi wa wazo lililoandikwa na mtu asiyehusiana naye kwa damu, na akaja kulitimiza wazo hilo kwa hiari yake mwenyewe. Huo ndio usuli niliouhitaji, nao ulikuwepo tayari. Jiraiya anaukumbuka akiwa anazama majini akifa, na mimi nikasema basi, mwandishi amemaliza, sasa tunajua Naruto ni nani.

Baada ya yote hayo ndipo anakuja Asura.

Nitaeleza hasara yake kwa kutumia viganja viwili. Naruto alipokuwa akijifunza Rasengan, mbinu ya tufe la nguvu kiganjani, Jiraiya alimpa puto la maji alipasue kwa kulizungusha maji ndani, kisha mpira mgumu, kisha puto la hewa ambalo hakutakiwa kulipasua. Minato alihitaji miaka mitatu kuibuni mbinu hiyo. Mtoto hakuweza kukusanya nguvu mahali pamoja, hivyo mwalimu akamchorea kiganjani alama ya kijiji cha Konoha ili akili yake iwe na pa kutua. Tulionyeshwa mipira iliyotoboka, tukaonyeshwa kiganja kilichoungua, na tukaonyeshwa jinsi alivyokosa uwezo wa kufanya kwa mkono mmoja kama baba yake, akaamua kukitumia kivuli chake kama mkono wa ziada. Miaka ikapita, na katika vita ile ile ninayoilalamikia, Mzee wa Njia Sita akamwekea alama ya jua kwenye kiganja cha kulia. Hakuna puto wala kuungua. Alama ya kwanza ilikuwa wino wa mwalimu juu ya jasho la mwanafunzi. Ya pili ni hati ya mirathi.

Hasara kubwa zaidi imemkuta Sasuke pamoja naye. Uhusiano wao ulikuwa umeelezwa kwa picha moja tu ya utotoni: Sasuke amekaa peke yake kwenye gati dogo kando ya maji baada ya ukoo wake kuuawa, Naruto anapita juu, wanatazamana, kila mmoja anageuza uso kwa kiburi, halafu kila mmoja anatabasamu kwa siri. Watoto wawili yatima walitambuana. Hiyo inatosha kueleza kwa nini mmoja alimfuata mwenzake miaka yote ile wakati kila mtu alimshauri aachane naye. Tukishaambiwa kwamba roho za Asura na Indra ndizo zilizokuwa zikivutana, tabasamu lile linapungua thamani, kwa sababu halikuwa la kwao peke yao. Na ubaya wake unarudi nyuma hadi kwa Hashirama na Madara, waanzilishi wa Konoha, ambao walikutana wakiwa wadogo kandokando ya mto wakirusha mawe yaruke juu ya maji, kila mmoja akificha jina la ukoo wake. Hao nao wakaambiwa ni Asura na Indra. Watu wanne wamenyang'anywa ugomvi wao na upendo wao, vikakabidhiwa mababu ambao tunawaona kwa kurasa chache tu.

Karibuni. Ningependa zaidi kusikia kwa wanaoutetea usuli huu.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, nakupongeza kwa uzi uliopangika, lakini naomba nitofautiane nawe katika jambo la msingi. Umemtaja Asura kana kwamba alikuwa mwana wa mfalme mwenye kipaji. Ukiisoma upya simulizi ya Mzee wa Njia Sita utaona kwamba mwenye kipaji alikuwa Indra, aliyefanya kila kitu peke yake na kufaulu tangu mdogo. Asura ndiye aliyekuwa hawezi kitu, akashindwa kila alichojaribu, na akafika alipofika kwa juhudi na kwa msaada wa watu waliomzunguka. Baba yao akamchagua yeye kuwa mrithi kwa sababu hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba Kishimoto hakuigeuka mada ya pambano la Neji. Ameipeleka hadi mwanzo wa dunia ya shinobi na kusema kwamba tangu kale anayestahili ni aliyeanguka akainuka.

La pili, umeliruka suala la Mbweha. Katika pambano lile lile na Neji, njia za chakra (nguvu ya ndani) za Naruto zilikuwa zimefungwa, na aliyezifungua ni nguvu ya Mbweha. Naruto hakuwahi kuwa mtu wa kawaida, wala mwandishi hakutuficha hilo, kwa kuwa lilisemwa katika sura ya kwanza kabisa.

Mleta mada

Mkuu, hoja zako ni nzito na nitazijibu moja baada ya nyingine.

Kuhusu Asura kuwa mshindwa aliyejituma, nakubali kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na hapo ndipo maumivu yangu yalipo. Kama Asura alikuwa hivyo, na Naruto ni Asura aliyerudi, basi hata ule ukaidi wa Naruto wa kutokata tamaa umekuwa kitu alichozaliwa nacho. Neji alisema hatima huandikwa mtu anapozaliwa. Naruto alimjibu kwa ngumi kwamba si kweli. Usuli huu unamjibu Neji kwamba alikuwa sahihi, ila alikosea kusoma kilichoandikwa. Juhudi ikishakuwa ya kurithi, haina tofauti na macho ya Byakugan ya ukoo wa Hyuga.

Kuhusu Mbweha, wewe na mimi tunasoma kitu kimoja kwa namna mbili. Mbweha alikuwa adhabu kabla hajawa msaada. Wazazi waliwaonya watoto wao wasicheze na Naruto kwa sababu yake, na Iruka mwenyewe, mwalimu wake, ambaye alikuwa wa kwanza kumtambua, alikuwa amefiwa na wazazi wote wawili kwa makucha ya mnyama huyo. Zaidi ya hayo, Naruto hakubaki kumnyonya nguvu bila jasho. Alipigana naye, akamshinda, kisha akafanya jambo gumu zaidi, akamwita kwa jina lake, Kurama. Urafiki wake na Kurama ulijengwa kwa mamia ya sura. Urafiki wake na Asura haupo, kwa sababu Asura si mhusika anayezungumza naye.

Mchangiaji wa pili

Ndugu zangu, nadhani tunamwonea Kishimoto kwa kumtazama peke yake. Jarida la Jump linajulikana kwa kaulimbiu yake ya urafiki, juhudi na ushindi, lakini mashujaa wake wakubwa wengi huishia kugundulika kwamba wana asili isiyo ya kawaida. Son Goku wa Akira Toriyama, katika Dragon Ball, alikuwa mtoto wa msituni mwenye mkia hadi Raditz alipokuja kumwambia kwamba ametoka sayari nyingine. Luffy wa Eiichiro Oda, katika One Piece, tulimjua kama kijana wa kijiji kidogo aliyekula tunda la mpira kwa bahati mbaya, kisha tukamfahamu babu yake Garp na baba yake Dragon, na mwaka 2022, katika sura ya 1044, tukaambiwa kwamba tunda lenyewe ni la Nika, mungu wa jua. Hadithi inayotoka kila wiki kwa miaka 15 au 25 lazima iendelee kupandisha dau. Adui anapokuwa mkubwa kama Madara, shujaa hawezi kumkabili kwa mbinu za darasani.

Mleta mada

Mifano yako imenisaidia kusema jambo ambalo sikuligusa mwanzoni. Goku ni mfano mzuri wa usuli uliofichuliwa kwa busara. Ni kweli aligundulika kuwa Msaiyan, lakini Vegeta alipokuja alimdharau kwamba ni askari wa daraja la chini kabisa, na Goku akamjibu kwamba hata wa daraja la chini akijituma anaweza kumpita aliyezaliwa bora. Siri ya kuzaliwa kwake ilimshusha badala ya kumpandisha, na hivyo juhudi yake ikapata uzito mpya. Toriyama alipanua dunia bila kumpunguza mtu wake. Kuhusu Luffy ninaona kidonda kinachofanana na cha Naruto, ingawa hadithi yake bado inaendelea na sitaki kuihukumu kabla ya mwisho.

Hilo la kupandisha dau linanileta kwa Might Guy, mwalimu wa shinobi wa Konoha. Hebu tazama ni nini kinatokea katika sura hizo hizo, kati ya 668 na 672. Guy, mtu asiye na nasaba yoyote ya kutajwa, mwana wa Duy aliyebaki genin (cheo cha chini kabisa) maisha yake yote na kuchekwa na kijiji, anafungua Lango la Nane, mbinu inayogharimu uhai. Tunaonyeshwa kwamba Duy alitumia miaka 20 kujifunza mbinu hiyo moja, akaitumia mara moja, akafa akimwokoa mwanawe mbele ya wapiga panga saba wa Kiri. Sasa mwanawe anaunguza mwili wake mwenyewe hadi damu inageuka mvuke, na Madara, ambaye hamsifu mtu hovyo, anakiri kwamba katika mapigano ya mwili hajawahi kukutana na aliye zaidi yake. Kishimoto alijua kuandika juhudi inayopambana na miungu. Aliiandika kwa ukamilifu, katika juzuu hiyo hiyo, kisha akamnyima mhusika wake mkuu. Guy anafika mlangoni mwa ushindi kisha anashindwa, na Naruto anaingia na nguvu aliyokabidhiwa na kumaliza kazi. Siwezi kuusoma mfuatano huo bila kuhisi kwamba aliyestahili kuwa shujaa wa mada hii alilala pale chini akigeuka majivu kabla Naruto hajamgusa na kumrudishia uhai.

Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, nakubaliana nawe kuhusu Asura, ila nashangaa umemsamehe Minato kirahisi. Mimi kilichoniangusha katika usuli huu ni watu wazima. Kumbuka mwanzoni kabisa, Kakashi na Hokage wa Tatu, Sarutobi, wanaingia chumbani kwa Naruto, chumba cha mtoto anayeishi peke yake, na Kakashi anaona maziwa mezani yaliyokwisha muda wake. Siku tulipoisoma ilikuwa ni kumwonyesha mwalimu mpya mazingira ya mwanafunzi mtukutu. Baada ya kufichuliwa kwamba Minato ni baba yake, ukurasa ule hausomeki tena. Kakashi alikuwa mwanafunzi wa Minato. Jiraiya alikuwa mwalimu wa Minato, na ndiye aliyetunga jina la mtoto. Wote walijua, au walikuwa na kila sababu ya kujua, na mtoto wa mtu wao waliyempenda alikunywa maziwa yaliyoharibika. Tunaambiwa asili yake ilifichwa kwa sababu Minato alikuwa na maadui wengi, jambo ambalo linaeleza kulificha jina. Kumnyima mlezi ni jambo jingine kabisa.

Mleta mada

Umegusa pale ambapo hata mimi huwa nasoma kwa uzito moyoni. Ninaona hata hivyo kwamba kuna tofauti kati ya usuli unaowatia hatiani wahusika na usuli unaoivunja hadithi. Maziwa yale yanawatia hatiani Sarutobi, Jiraiya na Kakashi, na hatia hiyo inaingiliana vizuri na Konoha tuliyoijua baadaye, kijiji kilichoamuru ukoo wa Uchiha uangamizwe na kumwachia kijana mmoja aibu yote. Kosa la Kishimoto ni kwamba hakuna aliyeulizwa. Naruto alimpiga ngumi baba yake, na angekuwa na haki ya kumuuliza Hokage wa Tatu pia, hasa alipofufuliwa wakati wa vita na kusimama hatua chache kutoka kwake. Ukurasa huo haukuandikwa. Ningetoa sura zote za Indra na Asura ili nipate mazungumzo ya kurasa nne kati ya Naruto na mzee yule kuhusu chumba kile.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi. Umenijibu vizuri kuhusu Neji, lakini sasa nakuuliza kuhusu kifo chake. Katika sura ya 614 anawakinga Naruto na binamu yake Hinata kwa mwili wake, na alipoulizwa kwa nini, alisema ni kwa sababu Naruto aliwahi kumwita mwenye kipaji. Je, huo si ushahidi kwamba mada ya hiari dhidi ya hatima ilikuwa bado hai akilini mwa mwandishi, zaidi ya sura 500 baada ya mtihani wa Chunin?

Mleta mada

Ni ushahidi, na ndiyo maana unauma. Neji alikufa akiamini maneno ya Naruto. Alichagua kifo chake kama alivyokuja kuelewa kwamba baba yake naye alichagua. Sura zisizofika 60 baadaye, Naruto anapewa habari ambazo Neji angezitambua mara moja kama falsafa yake ya zamani, na hakuna hata fremu moja ambamo Naruto anamkumbuka Neji na kusema, hapana, mimi sikubali kwamba niliandikiwa haya. Jibu hilo lilikuwa linapatikana. Mtu aliyeapa uwanjani kwamba akiwa Hokage ataubadilisha ukoo wa Hyuga alipaswa kuwa wa kwanza kumkatalia Mzee wa Njia Sita. Nalo deni lile la Hyuga halikuonyeshwa likilipwa hata katika sura ya 700, ambapo Naruto tayari amekalia kiti cha Hokage.

Nitaongeza jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua kesi. Angalieni pambano la mwisho la Naruto na Sasuke, kuanzia sura ya 694 hadi ya 698. Wanapigana hadi chakra inakwisha, wanaendelea kwa ngumi za watu waliochoka, na mwisho wanalala juu ya mwamba, mmoja amepoteza mkono wa kulia na mwingine wa kushoto. Sasuke anauliza kwa nini hakumwacha tu. Naruto anamjibu kwamba ni rafiki yake, na kwamba akimwona anateseka yeye mwenyewe anaumia. Kinachomfanya Sasuke akubali kushindwa ni kumbukumbu ya yule mtoto aliyekuwa akimtazama tangu zamani. Indra na Asura hawana sauti katika uamuzi huo. Mwandishi alipofika mahali pa kumalizia alirudi kwenye gati lile dogo, na hata viganja vilivyokuwa na alama za jua na mwezi vilikuwa vimekwisha kukatika.

Kwa anayetaka kuhakiki, azisome sura hizo tano akiwa ameziruka zile za Mzee wa Njia Sita, kisha arudi hapa atueleze ni kitu gani alichokikosa.